Glavu nilizomnunulia mjomba

Najua nimepotea. Kuna watu wameniuliza pale kafeteria kama nimedisco nikarudi kijijini kulima. Sijadisco jamani, bado nipo nipo. Nilikuwa Ngerengere. Nimerudi jana jioni, na leo Jumapili, badala ya kusomea test ya Jumanne, nimekaa hapa naandika. Room mate ananiangalia kwa huruma, anadhani naandika barua ya mapenzi.

Leo sina utani sana. Kama umekuja kutafuta stori za hosteli na foleni ya bumu, rudi wiki ijayo. Leo nataka tuongee kuhusu drili na mashine za kukerezea vyuma, na hivi vifaa vya usalama tunavyovinunua na kuvivaa bila kuelewa vinafanya nini. Na naanza na aibu yangu mwenyewe, maana bila hiyo sina haki ya kumwambia mtu chochote.

Wasiotujua Waluguru niwaeleze kidogo. Kwetu ukoo unapita kwa mama. Kwa hiyo mjomba si ndugu wa kusalimiana tu kwenye harusi, mjomba ndiye mwenye kauli. Baba anakuzaa, ila mjomba ndiye anayekuuliza unaelekea wapi. Mimi wangu ni fundi. Kwa miaka mingi amekuwa akitoboa na kukereza vyuma kwenye karakana moja pale Ngerengere, upande wa reli ya zamani. Shafti ya mashine ya kusaga mahindi ikiisha, wanaleta kwake. Bawaba ya geti, jembe la trekta, sehemu ya pikipiki isiyopatikana dukani, vyote kwake. Si karakana yake. Yeye ameajiriwa pale, analipwa kwa kipande: chuma kikitoka anahesabiwa, kisipotoka hana kitu. Na kwa vipande hivyo ndivyo nilivyosoma kuanzia kidato cha kwanza. Kila nikifungua daftari najua kuna tundu mahali fulani alilitoboa ndipo likanunuliwa.

Sasa, mwaka wa kwanza bumu lilipoingia (mnakumbuka ile siku, kila mtu alikuwa bosi), nikasema lazima nimpelekee mjomba kitu. Nikaenda sokoni hapa Moro, nikazunguka, nikamchukulia glavu jozi mbili, zile za kitambaa zenye mpira kiganjani, imara kweli kweli. Na miwani. Nikapeleka likizo ya Desemba. Jamani, alifurahi yule mzee! Akawaonyesha wenzake wote: "Mnaona? Mpwa wangu yuko chuo, ameniletea vifaa vya kisasa." Mimi kifua mbele. Nikajiona nimeshaanza kulipa deni.

Mwaka wa pili tukaanza masomo ya karakana hapa chuoni. Siku ya kwanza kabisa fundi sanifu wetu hakutuonyesha hata kuwasha mashine. Alitusimamisha mstari akasema: kabla ya kuwasha, vua. Vua saa. Vua pete. Vua mkufu. Kunja mikono ya shati juu ya kiwiko. Tai hapana, waya za kusikilizia muziki hapana. Mwenye nywele ndefu au rasta, kofia na zifungwe ziingie ndani zote. Na glavu, vua.

Mtu mmoja akauliza, "Glavu si ndiyo usalama wenyewe?" Akajibu kwamba glavu ni usalama wakati unabeba bati, wakati unashika chuma chenye makali, wakati unachomelea. Mbele ya kitu kinachozunguka, glavu ni kamba uliyojifunga mwenyewe mkononi.

Nilipata baridi palepale. Nikakumbuka zile jozi mbili. Nikasema jioni nampigia mjomba. Jioni tulikuwa na kazi ya kikundi. Kesho yake test. Wikiendi simu ya mjomba haikupatikana, nikasema nitajaribu tena. Sikujaribu tena.

Baada ya kama wiki mbili nikapigiwa mimi.

Alikuwa anatoboa kipande cha bati nene kwa ajili ya mashine ya kukoboa. Kakishika kwa mkono wa kushoto, ambao ulikuwa na glavu. Biti ilipotokea upande wa pili wa chuma ikakwama, kile kipande kikageuka, glavu ikashikwa kwenye biti. Basi. Kidole cha shahada chote kimekwenda na cha kati nusu. Anasema hakusikia maumivu kwanza, alisikia kitambaa kinachanika.

Mwenye karakana si mtu mbaya. Alimpakia kwenye gari akamkimbiza hospitali, akalipia. Lakini nilipofika alinieleza jambo ambalo limenikaa kichwani mpaka leo. Alisema, "Sasa ningefanyaje mimi? Hata glavu alikuwa amevaa."

Hata glavu alikuwa amevaa! Ndiyo maana naandika.

Twende taratibu, tupige hesabu, maana sisi tunajifanya watu wa hesabu. Biti ya milimita 10 ikitoboa chuma laini, mwendo wake wa kawaida ni kama mizunguko 900 kwa dakika. Gawanya kwa 60, unapata mizunguko 15 kwa sekunde. Binadamu mzima aliyelala vizuri, kuanzia jicho lione hatari mpaka mkono uanze kuondoka, anahitaji kama robo sekunde. Katika hiyo robo sekunde biti imezunguka karibu mara nne. Mzingo wake ni kama milimita 31. Kwa hiyo kabla mkono wako haujaanza kurudi nyuma, umeshakunjwa uzi wa karibu sentimita 12. Kidole chako kina urefu gani? Pima.

Njoo kwenye mashine ya kukerezea, ndiyo mbaya zaidi. Kile kichwa kinachoshika chuma, mafundi wanakiita chaki, tuseme kina upana wa sentimita 20, na kinazunguka mara 600 kwa dakika. Hiyo ni mara 10 kwa sekunde. Mzingo wake ni kama sentimita 63. Katika robo sekunde kimevuta zaidi ya mita moja na nusu ya chochote kilichonaswa. Mkono wa shati, ncha ya kanga, skafu, rasta. Mkono wa mtu mzima haufiki hata mita moja. Maana yake ni kwamba ukisema "nitakuwa makini, nitawahi kuvuta", unadanganya. Huwahi. Hakuna mtu anayewahi. Umakini ni kitu kizuri ila hauna mwendo wa robo sekunde.

Mafundi wa zamani wa pwani, wale wanaojenga majahazi, walitoboa kwa keekee ya kuvutwa kwa uta. Keekee ya uta ikikwama, mkono wako ndio unaoisukuma, kwa hiyo unasimama na yenyewe inasimama. Mota ya umeme haina habari na wewe. Ikikwama kwenye chuma inaendelea, ikikwama kwenye mfupa inaendelea vilevile. Ile siku tulipoondoa mkono tukaweka mota, tulipaswa kuweka na kitu cha kuisimamisha. Karakana nyingi mitaani ziliweka mota tu.

Na msidhani haya ni mambo ya Ngerengere na watu wasiosoma. Mwaka 2011, mwezi Aprili, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu cha Yale kule Marekani, binti wa miaka 22, msomi wa fizikia, alikuwa peke yake usiku kwenye karakana ya chuo akitumia mashine ya kukerezea kwa ajili ya mradi wake. Nywele zake zikanaswa. Hakukuwa na mtu wa kuzima. Alifariki. Wakaguzi wa serikali ya kule walipofika waliandika kwamba mashine ile ilikosa kinga zilizotakiwa. Yale, wadau! Chuo chenye pesa kuliko bajeti za nchi fulani. Kwa hiyo tatizo si akili wala shule ya mtu. Tatizo ni mashine iliyo wazi na mtu aliye peke yake.

Sasa maoni yangu ndiyo haya. Sisi Wabongo tukisikia "vifaa vya usalama" tunafikiria vitu vya kuvaa. Kofia, buti, glavu, ile koti ya kung'aa. Mkubwa akija kutembelea, anavalishwa, anapigwa picha, yamekwisha. Lakini wataalamu wa usalama kazini wanapanga mambo kwa ngazi, na vitu vya kuvaa viko ngazi ya mwisho kabisa. Kwanza ondoa hatari yenyewe. Ukishindwa, badilisha kwa kitu chenye nafuu. Ukishindwa, ifungie hatari isimfikie mtu. Ukishindwa, weka utaratibu wa kazi. Ukishamaliza yote hayo, ndipo umvalishe mtu. Sisi tunaanza kwa mkia, na mara nyingi tunaishia hapohapo kwenye mkia. Mimi nilianza na kuishia kwenye mkia, tena mkia wenyewe nikaukosea.

Nikiwa pale Ngerengere siku hizi nne nimekaa kwenye ile karakana asubuhi mpaka jioni, nikaangalia nini kingeweza kuokoa vile vidole. Naviandika hapa, na mwenye ndugu fundi amsomee.

Kwanza, jiriwa. Kifaa cha kushikia. Kile kipande cha chuma kingebanwa kwenye jiriwa, na jiriwa ikafungwa kwa bolti kwenye meza ya drili, mkono wa mjomba usingekuwa karibu kabisa na biti. Yaani glavu ingekuwepo na bado asingeumia. Biti huwa inakamata pale inapotokea upande wa pili, hasa kwenye bati. Kila fundi anajua, kila fundi anajiambia "tundu moja tu, sina haja ya kubana". Pale karakanani jiriwa ipo! Iko mezani kwa ajili ya kupigia tupa. Haijawahi kufungwa kwenye drili hata siku moja.

Pili, kinga ya mashine yenyewe. Drili inahitaji kava mbele ya biti, hata la plastiki ngumu inayoonyesha, linaloinuka na kushuka. Mashine ya kukerezea inahitaji kava juu ya chaki, na mikanda na gia zifunikwe. Mashine nyingi za mitaani ni mitumba, zimepita mikono mingi, kava zilishatolewa zamani kwa sababu "zinasumbua". Lakini jamani, hawa ni mafundi wa chuma. Wanatengeneza mageti yenye maua! Watashindwaje kukunja bati moja na bawaba mbili?

Tatu, ufunguo wa chaki. Huu watu hawauogopi na unaua. Unakaza chuma kwenye chaki, unausahau ufunguo palepale, unawasha. Unaruka kama risasi, na kichwa chako ndicho kiko mbele. Sheria ni moja: ufunguo hautoki mkononi mpaka urudi kwenye ndoano yake. Kuna funguo zenye springi zinazojitoa zenyewe ukiachia. Kama huna, chomelea springi.

Nne, swichi. Hii sikilizeni vizuri maana ni ya kwetu kabisa. Umeme unakatika, si ndiyo? Fundi anaiacha mashine palepale, anaanza kufungua mkanda au kupangusa chaki kwa tambara kwa sababu imesimama. Umeme unarudi. Kama mashine imefungwa swichi ya kawaida kama ya taa, inaanza kuzunguka yenyewe na mkono uko ndani. Dawa yake ni kufunga kontakta, ambayo umeme ukikatika inaachia, na ukirudi haiwaki mpaka mtu abonyeze kitufe mwenyewe. Pamoja nayo kitufe chekundu kikubwa cha kuzimia, mahali ambapo unaweza kukigonga hata kwa goti. Na ukitaka kugusa mashine, zima ukutani kwanza, hata kama mtaa mzima hauna umeme.

Tano, chenga za chuma. Zile nyuzi zinazojikunja kama nywele wakati wa kukereza ni kali kuliko wembe na ni za moto. Usizitoe kwa mkono, wala kwa mkono wenye glavu. Tumia ndoano ya waya na brashi, mashine ikiwa imesimama. Na msasa usiuzungushie chuma kinachozunguka ukashika ncha zote mbili kwa vidole, utavutwa.

Sita, ndipo tunafika kwenye kuvaa. Miwani ya kinga, yenye pembeni, siyo ya jua. Hapa angalau nilipatia: ile miwani niliyopeleka ni nzuri, mjomba anayo. Ovaroli ya kubana au mikono mifupi. Buti. Kofia. Ukimaliza kukereza ukataka kubeba chuma chenye makali, haya sasa vaa glavu zako.

Saba, usifanye kazi peke yako, na boksi la huduma ya kwanza liwepo na watu wajue kulitumia. Hapa naandika kwa uchungu. Siku ile watu walikimbia na mjomba, kidole kikabaki pale kwenye mashine. Hakuna aliyejua. Kidole kikikatika, minya jeraha kwa kitambaa safi na inua mkono juu. Kidole chenyewe kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, tia kwenye mfuko wa plastiki, funga, halafu mfuko ndio uweke kwenye barafu. Kidole kisiguse barafu. Peleka pamoja na mgonjwa. Sisemi kingeshonwa. Nasema tungejaribu.

Najua mtaniambia, "Wewe unaongea vya kitabuni, mtaani hakuna pesa." Nimelifikiria hilo. Jiriwa ipo tayari. Kava ni bati la kuokota. Ndoano ya ufunguo ni msumari. Brashi ni bei ya soda mbili tatu. Kontakta ndiyo ya kununua kweli, na yenyewe haifikii gharama ya kumpeleka mtu hospitali na karakana kukaa kimya wiki mbili. Kinachokosekana hapa si pesa.

Wengine watasema, "Mafundi wenyewe hawataki, wanaona kinga zinawachelewesha." Hii ni kweli, na sababu yake tuitaje: malipo ya kipande. Kubana kwenye jiriwa kunakula dakika mbili. Kwa mtu anayelipwa kwa tundu, dakika mbili mara matundu 30 ni saa nzima, ni unga wa jioni. Usimlaumu mtu kwa kuruka kinga wakati wewe mwajiri umempangia malipo yanayomwambia aruke. Ukitaka abane, muhesabie na muda wa kubana. Basi.

Wengine watasema ni mipango ya Mungu. Mimi Mungu namheshimu, ila sidhani kama ndiye aliyetoa lile kava.

Halafu kuna sheria, na hapa wanafunzi tunaweza kusaidia maana sisi tunasoma. Kwa miongo mingi tulitumia sheria ya viwanda ya mkoloni ya mwaka 1950. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulianzishwa mwaka 2001, halafu ikaja Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003. Mahali pa kazi panatakiwa pasajiliwe, mashine ziwe na kinga, na vifaa vya kujikinga vitolewe na mwajiri. Siyo vinunuliwe na mpwa kwa hela ya bumu! Pia kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ndiyo iliyozaa mfuko wa WCF. Waajiri walianza kuuchangia mwaka 2015. Mfanyakazi hachangii hata senti, anachangia mwajiri. Na sheria haidai uwe na mkataba wa kurasa kumi ndipo uitwe mfanyakazi, hata makubaliano ya mdomo yanahesabika. Ila taarifa ya ajali lazima ipelekwe ndani ya miezi 12. Watu wengi wanalala, mwaka unapita, haki inapita.

Mwaka 2023 Mei Mosi ya kitaifa ilifanyika hapahapa Moro, uwanja wa Jamhuri. Rais alikuja, mabango yalipita, fulana zikagawiwa. Sikatai, ni siku njema. Lakini kutoka Jamhuri mpaka karakana za pembeni ya reli Ngerengere ni safari fupi tu, siku hizi treni ya umeme ya SGR ina kituo pale, na sijaona ujumbe ule ukishuka kituoni. Ukaguzi unaanza na viwanda vikubwa, naelewa. Ila vidole vya kiwanda kidogo navyo ni vidole.

Kwa hiyo serikali ifanye nini? Mimi sidai mkaguzi kila mtaa. Nadai mafundi wa mitaani wafuatwe na mtu anayeongea lugha yao, akae nao siku moja, afunge jiriwa moja kwenye drili moja waone. Faini peke yake itawafanya wafunge milango mkaguzi akipita. Na sisi wanafunzi wa uhandisi tunaoenda field kila mwaka, tunaweza kufanya hivyo bila kusubiri bajeti. Watu wanne, siku moja, karakana moja. Nitakaporudi likizo nataka wenzangu watatu. Anayetaka anitafute hosteli, chumba anakijua.

Sasa nimalizie, maana hiki ndicho kilichonikosesha usingizi.

Usiku wa mwisho nilikaa na mjomba uani. Nikakusanya ujasiri. Nikamwambia, "Mjomba, shikamoo tena. Nina jambo." Nikamweleza yote. Kwamba glavu zile zilikuwa kosa. Kwamba nilifundishwa wiki mbili kabla, nikataka kupiga simu, sikupiga. Nilitegemea agombe. Kwetu mjomba akikugombeza unasikia mpaka mifupa.

Akanyamaza muda. Halafu akasema, "Mpwa wangu, mimi nilijua."

Nikamwangalia.

"Yule mzee aliyenifundisha kazi alikuwa mtu wa karakana ya reli. Akikukuta na glavu kwenye drili anakupiga kibao kabla hajazima mashine. Miaka yote sijavaa."

"Sasa mjomba, kwa nini ulivaa?"

Akasema, "Nilisema huyu yuko chuo. Labda siku hizi mambo yamebadilika."

Wadau, sikuwa na la kusema. Miaka yote ya ujuzi, aliuweka pembeni kwa sababu mimi nina kitambulisho cha chuo kikuu mfukoni. Sikumuuliza hata swali moja wakati nanunua. Sikumuuliza, "Mjomba, kazini kwako unahitaji nini?" Angeniambia jiriwa, au kontakta, au hata soda. Nilimpelekea jibu bila kuuliza swali, na yeye kwa heshima akalivaa.

Tunatoka huku kila mwaka na vyeti, tunaenda kuwaambia watu wafanye nini. Wakulima, mafundi, wafugaji. Wanatuamini kuliko tunavyostahili. Hiyo imani ina uzito, jamani, nimeuona ule mkono.

Mjomba amerudi karakanani. Bado hawezi kukereza, bandeji ipo, ila anakaa kwenye kiti anawasimamia vijana. Ijumaa tulifunga jiriwa kwenye meza ya drili, bolti mbili, ikachukua chini ya nusu saa. Kava la chaki kijana mmoja alilikunja Jumamosi asubuhi, limepinda kidogo ila linafunika. Mwenye karakana amekubali kwenda kuuliza habari za WCF, na mimi nimeshaandika tarehe ya ajali kwenye daftari langu, nitamkumbusha kila mwezi mpaka achoke. Kontakta bado. Amesema mwezi ujao. Nitampigia simu.

Safari hii nitapiga.

Haya, naenda kusoma. Test Jumanne, mniombee. Na kabla hujalala, kama una baba, kaka au mjomba anayesimama mbele ya mashine inayozunguka, mpigie leo. Usiseme wikiendi.